Mtu wa Nunguni Aendapo Mombasa: Mambo ya Kale Yafaayo Kutazamwa

Kila mwaka, hasa shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, watu wengi wa Ukambani huteremka kwenda Mombasa. Wengine huenda kuwaona jamaa zao wafanyao kazi bandarini, wengine huenda arusini, na wengine hutaka tu kuiona bahari. Hurudi na nazi na halua, na picha waliyopigwa chini ya zile pembe kubwa zilizopitana juu ya barabara katikati ya mji. Lakini ukiwauliza habari za mambo ya kale ya Mombasa, wengi watajibu kwamba waliipita ngome kwa nje, nao hawakuingia kwa kuwa mambo hayo ni ya Wareno na Waarabu, si yao.

Jibu hilo si la kweli, na makala hii yataka kuonyesha kwa nini. Twawaandikia hasa watu wa Nunguni na vilima vya Kilungu, na waalimu wafikirio kuwapeleka watoto safari, ingawa mtu wa Kitui au wa Machakos aweza kuifuata vile vile.

Tuanze na pembe zile za barabarani. Si za ndovu. Zimetengenezwa kwa madini, nazo ziliwekwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kuwapokea wageni wa nyumba ya kifalme ya Uingereza. Pembe za kweli zilifika Mombasa zamani sana kabla ya hizo, nazo zilifika mabegani mwa watu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 sehemu kubwa ya biashara ya pembe kati ya bara na Mombasa ilikuwa mikononi mwa Wakamba. Wawindaji waliwapiga ndovu kwa mishale yenye sumu, kisha misafara ya watu mia mbili au mia tatu ilikusanyika, ikapita nyika isiyo na maji, ikafika Rabai na sehemu za jirani. Huko pembe zilibadilishwa kwa nguo, shanga, waya za shaba na chumvi. Kutoka Mombasa zilipakiwa majahazini zikapelekwa Arabuni na Bara Hindi, ambako mafundi walizichonga bangili za maarusi. Basi bibi arusi wa Kihindi alivaa mkononi kipande cha ndovu aliyeuawa Ukambani, naye hakujua, wala yule mwindaji hakujua.

Kwa hiyo mtu wa Kilungu atazamapo nyumba za mawe za Mombasa, kwa sehemu fulani anatazama mali iliyotoka kwao.

Kabla ya kuondoka

Safari ya namna hii huanza nyumbani. Mwendee mzee wa ukoo wako, umwulize kama amepata kusikia habari za babu zake waliokwenda pwani: walipita njia gani, walibeba nini, walirudi na nini, ni nani aliyepotea njiani. Uliza pia kama kuna kitu cha zamani kilichobaki nyumbani, kama vile shanga, mkufu wa shaba au podo la mishale. Andika majibu katika daftari. Utakapoviona vitu vya namna hiyo kabatini Mombasa, vitakuwa na maana kwako kuliko kwa mgeni aliyetoka Ulaya. Tena wazee wenyewe hawangoji. Kila mwaka twazika watu ambao hakuna aliyewauliza neno.

Chukua kitambulisho chako, kwa maana raia wa Kenya hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Mwalimu apelekaye watoto na awaandikie barua wenye makumbusho mapema, ili apewe mtu wa kuwaongoza.

Njia nayo ni somo. Ukishateremka kutoka vilimani na kuishika barabara kuu utafika Sultan Hamud. Wengi hulitaja jina hilo kila siku bila kufikiri kwamba ni jina la Sultan Hamud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu 1896 hata 1902, wakati reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuja bara. Mbele yake ni Emali, ambako waweza kupanda gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017. (Twasema gari la moshi kwa mazoea tu.) Baada ya Kibwezi ni Mtito Andei, jina la Kikamba maana yake msitu wa tai. Kuanzia hapo mpaka karibu na pwani, tazama dirishani. Nchi ile kavu yenye vichaka vya miiba ndiyo waliyoivuka wapagazi kwa miguu, na nyakati nyingine kiu iliwaua. Leo mtu huipita akisinzia.

Ngome

Ngome iitwayo Fort Jesus, ambayo wenyeji wengi husema Ngomeni tu, iko juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya kale. Wareno waliijenga kuanzia 1593 mpaka 1596 kwa amri ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa Ureno pia. Mwenye kuchora ramani yake alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milano. Mafundi wa Italia katika karne ile walisifiwa kuliko wote kwa kujenga ngome za kuhimili mizinga.

Usikimbilie ndani. Kwanza zunguka nje, utazame kuta na lile handaki lililochimbwa katika mwamba upande wa nchi kavu. Utaona kwamba pembe za ngome zimetokeza nje kwa namna ya mikono na miguu. Hata watu husema kwamba ukiitazama kutoka juu yafanana na mtu aliyelala chali. Sababu yake si urembo. Ukuta ulionyoka una kasoro moja: adui akifika chini yake, askari aliye juu hawezi kumpiga bila kujitokeza. Lakini ukuta wenye buruji zilizotokeza hulindwa kutoka pembeni. Walio katika buruji hii humpiga adui aliye chini ya buruji ile. Mweleze mtoto jambo hilo, kisha mwambie atafute mahali chini ya ukuta ambapo adui angeweza kujificha. Atatafuta kwa muda mrefu.

Ukifika langoni, tazama juu. Kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe mwaka wa 1635, nayo ni maneno ya kapiteni ajisifuye kwa kuwashinda na kuwatiisha watu wa pwani. Ili kuyaelewa yafaa kujua habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa Sultani wa Mombasa, akauawa kwa hila za Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, katika Bara Hindi, akalelewa na mapadre, akabatizwa na kuitwa Dom Jeronimo. Alipokuwa mtu mzima alirudishwa Mombasa akakaa katika kiti cha baba yake. Wareno walifikiri wamepata mfalme wa kuwatii. Lakini mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni, akaitwaa ngome, akairudia dini ya baba zake. Mwaka uliofuata Wareno walikuja na merikebu kuishambulia, wakashindwa. Baadaye yeye mwenyewe aliiacha, akaenda baharini, asirudi tena kutawala. Jiwe la langoni liliandikwa baada ya mambo hayo, na mwenye kuliandika ni yule aliyerudi. Soma basi kwa akili: jiwe ni la kweli, lakini maneno yaliyomo ni ya upande mmoja.

Ndani utaona uwanja mpana wenye misingi ya majengo yaliyoanguka: kanisa, nyumba za askari, nyumba ya kapiteni. Uliza uonyeshwe kisima. Ni kirefu, lakini maji yake ni ya chumvi, yafaa kufulia tu; maji ya kunywa yalipatikana kwa kukinga mvua katika birika kubwa. Mtu wa Ukambani hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Ngome yenye mizinga mingi na kuta nene, lakini maji yake hutoka mbinguni!

Wakati wa mzingiro ndipo ilipojulikana. Mwezi wa Machi 1696 jeshi la Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, liliizingira. Waliokuwamo ndani walikuwa Wareno wachache na Waafrika wengi zaidi, wanaume kwa wanawake, waliokuwa upande wao. Merikebu za msaada zilikuja kutoka Goa mara mbili tatu, zikaleta askari na chakula, lakini maradhi yalikuwa na nguvu kuliko mizinga, yakawamaliza watu ndani ya kuta. Ngome ilitwaliwa Desemba 1698, baada ya miezi 33. Walinzi waliobaki walihesabika kwa vidole. Siku chache tu baadaye merikebu nyingine za msaada zilitokea, wakaiona bendera ya Waarabu juu ya ukuta, wakageuza.

Moja ya merikebu zilizoletwa kusaidia, Santo António de Tanna, ilizama mwaka wa 1697 karibu na ngome yenyewe. Ililala chini ya bahari karibu miaka 280. Kuanzia mwaka wa 1977 wapiga mbizi wenye elimu ya mambo ya kale waliichunguza, wakatoa vyombo vingi, na baadhi yake vimo katika makumbusho. Tazama mitungi na vitu vidogo vya mabaharia. Katika chumba hicho ndimo watoto hukaa zaidi, na kwa maoni yetu wana haki. Mzinga ni mzinga, lakini chombo alichokunywea mtu siku chache kabla ya kuzama chakusimamisha.

Utaona pia vigae na vyungu kutoka China, Uajemi na miji ya pwani yetu, pamoja na shanga. Hapa fungua daftari lako. Linganisha shanga hizo na zile alizokueleza mzee nyumbani. Kisha ujiulize zilinunuliwa kwa nini, kwa maana merikebu iletayo sahani za China hairudi tupu.

Baada ya Wareno ngome ilikaliwa na maliwali wa Oman, na kwa miaka mingi na ukoo wa Mazrui, mpaka Sayyid Said alipowashinda mwaka wa 1837. Ukumbi wao wenye mabaraza ya mawe uko huko ndani. Zamani za Mazrui ndizo zamani za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, na ndizo zamani misafara ya Wakamba ilipoanza kuzoea njia ya pwani. Mwaka wa 1895 Waingereza waliigeuza kuwa jela, ikawa jela mpaka 1958. Ndipo Bwana James Kirkman, aliyekuwa ameshughulika na magofu ya Gedi, alipoichimba na kuichunguza, na fedha za kuitengeneza zilitolewa na Mfuko wa Gulbenkian wa Ureno. Hivyo taifa la waliojenga lililipa gharama ya kuifanya mahali pa elimu. Mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Kuna jambo moja lifaalo kusemwa wazi. Historia ya ngome iliyoandikwa ni historia ya makapiteni, maimamu na maliwali, kwa sababu hao ndio walioandika barua na kuchonga mawe. Mpagazi wa pembe hakuandika. Usitazamie kulikuta jina lake ukutani. Jina lake, kama lipo, liko kwa yule mzee uliyemwuliza nyumbani.

Mji wa Kale

Ukitoka ngomeni ingia Mji wa Kale kwa miguu. Njia ni nyembamba, na nyumba zina roshani za mbao na milango ya nakshi. Usiende mbio, wala usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Hapa si makumbusho, ni nyumbani kwa watu. Ukimkuta mzee barazani mwamkie shikamoo, naye huenda akakueleza zaidi ya kitabu. Msikiti wa Mandhry, ambao wasema ulijengwa kama mwaka wa 1570, ni wa zamani kuliko ngome yenyewe. Asiye Mwislamu aweza kuutazama mnara wake kutoka njiani.

Mbele kidogo, penye bandari ya kale, iko nyumba iitwayo Leven House. Jina lake latokana na merikebu Leven ya Kapiteni Owen, ambaye mwaka wa 1824 aliweka Mombasa chini ya ulinzi wa Waingereza kwa ombi la Mazrui. Mambo hayo yalivunjika mwaka wa 1826. Bandari hii ya majahazi ndiyo iliyopakia pembe. Meli kubwa huenda Kilindini, upande wa pili wa kisiwa.

Urudipo katikati ya mji, simama kidogo kwenye sanamu ya ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Wakamba wengi walichukuliwa katika vita hiyo. Mmoja wao, Mutisya Munge wa Wamunyu, husemwa kwamba aliona kazi ya wachongaji huko Tanganyika, akairudisha nyumbani. Na kutoka kwake ilienea kazi ya kuchonga vinyago ambayo leo Wakamba wengi waifanya hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha ushirika kilichoko upande wa Changamwe. Nenda ukawatazame. Wenye kununua ni wageni, lakini kutazama ni bure.

Mwenye siku zaidi aweza kwenda Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, na Gedi, karibu na Malindi, ambayo ni magofu ya miji ya Waswahili iliyohamwa zamani. Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024. Mahali hapo palihitaji makala yake peke yake.

Ng'ambo ya Nyali, na Rabai

Ukivuka daraja la Nyali utafika Kengeleni, mahali palipopewa jina kwa sababu ya kengele iliyopo bado. Hapa ni Freretown, mji ulioanzishwa na wamisheni kama mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele ilipigwa kuwaonya watu wakati wa hatari ya wafanyao biashara ya watumwa. Hapo karibu kuna kaburi la Rosine, mke wa mmisheni Johann Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa.

Krapf mwenyewe hakurudi kwao. Mwaka wa 1846 alianzisha misheni Rabai, na ndiyo sababu tunakuomba usiirudie barabara ya bara kabla ya kupita huko. Ni karibu na Mazeras, si mbali na njia kuu. Kuna kanisa, nyumba za wamisheni wa kwanza, na makumbusho madogo yenye jina la Krapf. Wengi hawaendi, nasi twaona kwamba kwa Mkamba ni mahali pa kwanza kuliko ngome. Rabai ndipo misafara ya Ukambani ilipotua mizigo. Baadhi ya Wakamba walifanya makao katika sehemu hizo, hata leo utaisikia lugha yako huko. Hapo Krapf aliwakuta Wakamba, akajifunza maneno yao, akafasiri Injili ya Marko kwa Kikamba, ikapigwa chapa Ulaya mwaka wa 1850.

Mwezi wa Novemba 1849 aliondoka Rabai akafuata njia ya misafara, akapita Kikumbulyu, yaani nchi ya Kibwezi, mpaka Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na mtu mwenye sauti katika nchi yake. Tarehe 3 Desemba, kutoka Kitui, aliuona mlima wenye theluji. Wakamba walikuwa wakiuita Kiinyaa, nao ndio waliomwambia jina. Akaliandika kama masikio yake yalivyolipata: Kenia. Mwaka wa 1851 alirudi, akaenda pamoja na Kivoi kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi waliwashambulia njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu, akatangatanga porini kwa njaa na kiu kabla ya kufika tena pwani.

Kivoi hana ngome wala jiwe la langoni. Lakini jina lile alilolisikia Krapf nyumbani kwake limeandikwa leo katika kitambulisho ulichokionyesha mlangoni pa Fort Jesus.

Kutoka Rabai teremka Mazeras ushike barabara kuu, au panda reli Mariakani ikiwa gari la siku hiyo lasimama huko. Ukiondoka asubuhi utakuwa Emali kabla ya jua kuchwa, na yule mzee atataka kujua ulichoona.